Ribani imekatwa, gredi imelala: tuonyesheni kitabu cha mashini

Makamarade, ndugu na dada wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa na vijiji vyote vinavyolisha hii miji,

Mvua iko karibu kurudi. Kila mwaka, mu Septemba na Oktoba, tunasikia wimbo ule ule: serikali ya jimbo inajitayarisha, mtaa unajitayarisha, mashini mpya zimefika. Televizio inaonyesha gredi na kamio-bene zimepangwa mustari, mukubwa anakata ribani, fanfari inapiga, watu wanapiga makofi. Mu Januari barabara imekuwa matope. Ukiuliza mashini ziko wapi, jibu ni moja tu: "Iko mu pane."

Tunaandika leo juu tumechoka na hilo jibu. Na tunaandika pia kwa kuambiana ukweli kati yetu: sisi vijana tumekuwa tukiuliza swali ambalo haliwatishi. Tunauliza, "Mtanunua mashini lini?" Viongozi wanapenda swali hilo. Jibu lake ni kununua, na mu kununua kuko mkataba, kuko picha, kuko wale wanaokula katikati. Swali ambalo hawapendi ni hili: ile mlinunua iko wapi, imetumika masaa ngapi, nani anaitunza, na kwa pesa gani?

Barabara haichekeshi. Barabara ya mashamba ikikatika, mahindi inaoza kule na mufuko wa bunga unapanda bei huku. Mama mwenye mimba anabebwa ku kinga. Manseba analala mu matope na abiria wake. Mtoto anafika ku masomo na viatu mu mkono. Gredi iliyolala inaonekana mu sahani ya bukari ya kila nyumba.

Pesa ya kununua iko. Ya kutunza haionekani.

Tuanze na pesa, juu njo mahali wanapenda kutudanganya. Wanasema: "Jimbo ni maskini, mtaa ni maskini, mungojee Kinshasa." Ni kweli Kinshasa iko na deni. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 175, inaandika kama sehemu ya majimbo ku mapato ya taifa ni 40%, na kama inakatwa hapa hapa mbele ya kwenda. Namna ilivyoandikwa, sivyo inavyofanywa. Hiyo tutaendelea kuidai.

Lakini kwetu, inchi ya shaba na kobalti, kuko pesa ingine. Sheria ya madini iliyobadilishwa mu Machi 2018 inagawanya redevansi, ni kusema ile pesa kila kampuni inalipa juu ya madini inayouzisha. 50% inaenda ku serikali kuu. 25% inaenda ku jimbo. 15% inaenda ku mji, mtaa, sekta ao sheferi ambako madini inachimbwa. 10% inaenda ku mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa shaba redevansi ni 3.5%. Kwa kobalti, tangu iwekwe mu hesabu ya madini ya kistratejia mwisho wa 2018, ni 10%. Fanya hesabu: ku kila dola 100 ya redevansi, dola 40 zinapaswa kutumika hapa, na jimbo pamoja na utawala mdogo ulio karibu na shimo.

Kwa pesa kama hiyo, mtaa wa madini unaweza kununua gredi. Kununua ni siku moja, lakini kutunza ni miaka kumi. Mu bajeti hivyo viwili vinaandikwa mbalimbali. Kununua kuko mu sehemu ya vifaa: mustari mukubwa, unaonekana mbali. Kutunza kunafichwa mu matumizi ya kila siku, pamoja na karatasi, wino na mazuti ya jenereta ya ofisi. Pesa ikipunguka, mustari huo njo unakatwa wa kwanza. Hakuna mutu atalalamika, juu filtri haikatiwi ribani.

Namna mashini inakufa

Gredi haifi siku moja. Inakufa pole pole, na kila hatua kuko mutu aliyeiona na akanyamaza.

Kila mashini ya kazi nzito iko na kompteri inayohesabu masaa ambayo motere imezunguka. Gari ndogo tunaihesabu kwa kilometa, mashini tunaihesabu kwa masaa. Viwanda vinavyotengeneza hizo mashini vinaweka ratiba ambayo karibu ni moja: kila asubuhi, mbele ya kuwasha, shofa anaangalia mafuta, maji, grisi na mapine. Ku masaa 250 kuko kazi ya kwanza ya garaji. Kisha ku 500, kisha ku 1,000, kisha ku 2,000. Mafuta ya motere na filtri yake inabadilishwa ku 250 ao ku 500, kufuatana na aina ya mashini. Kadiri namba inapanda, kazi inakuwa nzito na bei inapanda.

Tuhesabu pamoja. Mashini inayotumika masaa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, inafika masaa 250 kisha majuma sita na kitu. Ni kusema kila mwezi na nusu kuko kitu cha kulipa, na mu mwaka mmoja imeshapita masaa 2,000. Hiyo si ajali, si bahati mbaya, si "pane" iliyoanguka toka mbinguni. Ni tarehe inayojulikana siku ile ile mashini inatoka mu kontena. Kiongozi anayesema hakujua, hakutaka kujua.

Sasa angalia yale yanafanyika. Mu kiangazi, toka Mei mpaka Oktoba, vumbi yetu nyekundu inajaza filtri ya hewa. Filtri mpya haiko, juu karatasi ya kuomba pesa iko inazunguka toka ofisi moja mpaka ingine. Fundi anaitoa, anaigonga ku pine, anairudisha. Anafanya vile mara tatu, mara ine. Siku moja karatasi ya ndani inapasuka bila kuonekana, vumbi inaingia mu motere na kuisaga kama msasa. Filtri ya pesa kidogo imeua motere ya bei ya nyumba.

Kisha pine inapasuka ku mashini ya pili. Pine haiko mu depo. Wanachukua ile ya mashini iliyolala, "kwa siku mbili tu". Juma linalofuata wanachukua batri. Mwezi unaofuata wanachukua pompu. Mashini mbili zimekuwa moja na nusu, kisha moja, kisha chuma ambayo watoto wanacheza juu yake na mbuzi wanalala chini yake. Mu kitabu cha serikali, kama kitabu hicho kiko, bado zinaandikwa mbili.

Ongeza hii: kila kiongozi mpya anakuja na mashini za kiwanda kingine, juu kila mmoja iko na mwenye kuuzisha wake. Matokeo ni parki moja yenye mashini za aina tano, filtri za aina tano, na fundi ambaye hakufundishwa hata aina moja. Piesi ya hii haiingii mu ile. Kampuni za madini zilizo hapa kwetu zinaepuka mambo hayo: zinachagua aina kidogo, zinaweka piesi mu depo mbele ya kuharibika, zinahesabu masaa. Udongo ni mmoja, vumbi ni moja, mvua ni moja. Mashini zao zinatembea. Tofauti haiko mu hewa ya Katanga, iko mu namna ya kuongoza.

Mashini iko na kalenda yake

Kuko jambo lingine ambalo watu wa ofisi wanasahau: barabara ya udongo haitengenezwi siku yoyote. Mbele ya mvua, mu Septemba na Oktoba, kazi ni mifereji: kuifungua, kuichimba, kutoa taka, ili maji ipate njia. Mu mwisho wa mvua, mu Aprili na Mei, udongo ungali na unyevu kidogo na unashikamana. Njo wakati gredi inasawazisha vizuri na rulo inakaza. Ukisawazisha mu Agosti bila kumwaga maji, unapanga vumbi tu, na upepo unaibeba. Ukisawazisha mu Januari, mvua ya mangaribi inaharibu kazi ya asubuhi.

Kwa hiyo matengenezo makubwa ya mashini iko na wakati wake pia: katikati ya mvua, wakati kazi ya barabara ya udongo imepunguka. Ikingia garaji mu Januari, inatoka Aprili tayari. Huku kwetu wanafanya kinyume. Wanaamka mu Novemba, mvua imeshapiga, wananchi wameshachoma mapine ya kupinga, na hapo njo wanatafuta injektere. Wanalipa bei ya haraka, wanasafirisha piesi ya haraka, wanachagua mwenye kuuzisha wa haraka. Mu hiyo "haraka" njo kuko ulaji. Mutu anayepanga mapema hana sababu ya kuruka sheria ya masoko ya serikali ya 27 Aprili 2010. Mutu anayengoja mpaka nyumba za watu zijae maji anapata sababu nzuri ya kusema hakuna wakati wa kushindanisha bei.

Barabara ya nani?

Tusipige mutu ambaye si wake. Barabara za taifa, sawa ile RN1 inayotoka Kasumbalesa, inapita Lubumbashi na Likasi, ziko chini ya Office des Routes, iliyoundwa mu 1971. Barabara za ndani ya mji na mifereji yake, OVD, iliyoundwa mu 1987, iko na kazi yake. FONER, iliyoundwa kwa sheria ya 2008, inakusanya pesa ya utunzaji ambayo tunalipa ku mafuta ya gari na ku peaji. Hao wote tutawauliza siku yao.

Lakini jimbo likinunua mashini kwa pesa ya jimbo, mtaa ukinunua kwa redevansi ya mtaa, basi mashini hizo haziwezi kuwa yatima. Kiongozi aliyejua njia ya kwenda kununua hawezi kutuambia leo kama barabara ni kazi ya OVD. Mwenye kukata ribani njo mwenye kutoa hesabu.

Mazuti inakwenda wapi?

Hapa tunaomba muwe na haki. Ni rahisi kusema "shofa njo mwizi". Ndiyo, mazuti inanyonywa usiku na kuuzishwa mu bido kando ya barabara. Ndiyo, mashini ya serikali inaenda kusawazisha parseli ya mukubwa siku ya Mungu. Lakini shofa mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni mutu aliyetumika miaka bila kuingia mu mekanizasio: mashini yake iko mu hesabu ya serikali, yeye mwenyewe haiko. Anapewa gredi ya bei ya nyumba kumi na hapewi mshahara. Ukimwachilia mutu njaa karibu na tanki la mazuti, wewe njo umeanza kuiba.

Kwa hivyo hatutaki kuwinda mashofa. Tunataka hesabu ambayo haimwonei mutu. Na hesabu hiyo ni ndogo kabisa. Tuseme mashini inakunywa litre 15 kwa saa. Karatasi inasema juma hili ilipewa litre 300. Litre 300 zinapaswa kufanya masaa 20. Unaangalia kompteri: imesonga masaa 8 tu. Masaa 8 ni litre 120. Litre 180 ziko wapi? Hauhitaji mupelelezi toka Kinshasa. Unahitaji kalamu, daftari, na mukubwa anayetia sahihi kila jioni. Kama sahihi ya mukubwa iko chini ya karatasi, yeye njo atajibu, si shofa peke yake.

Hata mambo ya kukodisha ni vile vile. Jimbo ao mtaa kukodisha mashini yake kwa mutu binafsi si dhambi. Mashini iliyolala haileti kitu. Dhambi ni kukodisha mu mdomo. Bei itangazwe ku ukuta wa ofisi, mteja alipe ku banki kwa karatasi ya rejii ya mapato ya jimbo ao ya mtaa, na pesa hiyo irudi kununua mafuta, filtri na mapine. Ikipita mu mufuko wa koti, mashini itakufa na mutu mmoja atajenga.

Si kila mtaa unahitaji buldoza

Tuseme pia kitu ambacho hakitapendeza kila mutu. Lubumbashi iko na mitaa saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Haina lazima ya buldoza saba. Mashini inayotumika siku chache kwa mwezi inakula pesa hata ikilala: batri inakufa, mapine inapasuka na jua, mipira ya haidroliki inakauka, mulinzi analipwa. Mtaa ambao hauna kazi ya kutosha kwa mwaka mzima, kukodi ni heri kuliko kununua. Ao miji na mitaa iweke mashini zao pamoja: parki moja, garaji moja, depo moja ya piesi, na ratiba inayotangazwa, leo Katuba, juma lijalo Ruashi.

Najua jibu: "Kila mtaa unataka yake." Ndiyo, kama kila mtoto anavyotaka kinga yake. Lakini sisi tunaolipa tuko na haki ya kuuliza kama tunanunua barabara ao tunanunua sifa.

Ufundi tuko nao

Wanapenda pia kusema hatuna mafundi, kwa hiyo lazima wageni. Mu Katanga! Mu inchi ya karakana za Panda, kule Likasi, ambako Gécamines ilikuwa ikitengeneza piesi zake yenyewe! Mu mji wa Lubumbashi, ambako SNCC ilifundisha vizazi vya mafundi wa reli! Mu 2003, wakati wa ile tuliita "kuondoka kwa hiari", karibu wafanyakazi 10,000 waliacha Gécamines. Wengine wamekufa, wengine wako mu nyumba, wazee wenye mikono inayojua sauti ya motere kuliko daktari anavyojua moyo. Hakuna mutu anawaita hata siku moja kuja kufundisha.

Upande wa pili kuko vijana waliotoka mu shule za ufundi na INPP na brevet mu mufuko, wanauzisha kredi ya simu pa rond-point. Mashini zimelala juu hakuna fundi, na mafundi wamelala juu hakuna kazi. Parki moja ya jimbo, ikiongozwa vizuri, inaweza kuwa masomo: mzee mmoja wa Panda, vijana kumi, mashini inayofunguliwa na kufungwa mbele yao. Hiyo ni kazi ya kweli, si ahadi ya kampanye.

Yale tunadai

Kikao cha Septemba cha bunge la jimbo ni kikao cha bajeti. Washauri wa mitaa, waliochaguliwa mu Desemba 2023 mu miji mikubwa ya majimbo, wako na kazi ya kupitisha bajeti ya mtaa na kuangalia namna inatumika. Mbele yao wote tunaweka haya:

1. Orodha ya mashini zote, itangazwe ku ukuta na ku intaneti: aina, namba, mwaka na bei ya kununua, pesa ilitoka wapi, iko wapi leo, inatembea ao hapana, na kompteri inasema masaa ngapi.

2. Kitabu kwa kila mashini: masaa ya kila siku, litre za mazuti, kazi iliyofanywa, piesi iliyobadilishwa, sahihi ya shofa na ya mukubwa wake. Kitabu hicho kifuate mashini, kisifuate mutu.

3. Mustari wake yenyewe mu bajeti kwa utunzaji, unaohesabiwa toka masaa ya kazi, na ambao hauwezi kuhamishwa kulipa safari za wakubwa.

4. Hakuna kununua mashini mpya mbele ya kutuambia zile za zamani zimefanya nini. Na mkataba wowote wa kununua uwe na piesi za miaka miwili ya kwanza, mafundisho ya mashofa na mafundi, na kitabu cha maelezo mu Kifaransa.

5. Mashofa na mafundi walipwe na waingizwe mu mekanizasio.

6. Kila remizi-reprizi kati ya kiongozi anayetoka na anayeingia iwe na orodha ya mashini mu PV, zikihesabiwa kwa macho, si kwa karatasi. Ile iliyopotea iwe na jina la mutu wa kujibu.

7. Ratiba ya kazi itangazwe mbele ya msimu: barabara gani, juma gani, mashini gani.

Kati ya haya saba, mengi hayahitaji ruhusa ya Kinshasa. Mengi hayahitaji hata franka mpya. Kwa kuandika kitabu unahitaji daftari.

Kazi yetu sisi

Makamarade, tusingoje. Katiba, mu kifungu cha 24, inasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Mu kifungu cha 27, inasema kila Mukongomani anaweza, peke yake ao pamoja na wengine, kuandikia mamlaka ya serikali petisio, na mamlaka inapaswa kujibu mu miezi mitatu. Tutaitumia. Mu kila mtaa tutaandika barua moja yenye swali moja: tuonyesheni kitabu cha mashini. Tutaiweka ku ofisi, tutaomba aksize ya kupokea, na tutahesabu siku, barua kwa barua.

Wewe uko na simu. Ukiona mashini ya serikali imelala mu mtaa wako, piga picha ukiwa barabarani, andika tarehe na mahali. Kisha mwezi, rudi pale pale, piga ingine. Usiruke ukuta. Usiguse kitu. Usitukane shofa wala mulinzi. Hao ni wazazi wetu, na wengi wanateseka kuliko sisi. Usichome, usivunje: mashini hiyo ni yako, ukiichoma umewasaidia wale walioiua kwa filtri. Nguvu yetu ni kutoogopa na kutojificha, bila jiwe mu mkono. Mtafute mshauri wa mtaa wako, muulize mbele ya watu kama ameshaona kitabu cha mashini hata kimoja. Kama hajaona, mwombe aende akakiombe, na umsindikize.

Na wewe kiongozi unayesoma hii ukurasa kwa siri, tunajua unasoma. Hatukuombi muujiza. Hatukuombi daraja la kioo. Tunakuomba filtri ku masaa 250. Ukifanya vile, wakati mvua itapita na gredi yako itatoka Aprili ikiunguruma vizuri, sisi wenyewe tutapiga picha na tutaitangaza hapa. Ukikosa, tutatangaza pia, na namba ya kompteri.

Mashini ni ya raia. Hesabu yake ni ya raia. Tuonyesheni kitabu.

Mapambano yanaendelea, bila fujo na bila woga.